Kucha Nyeusi Ndani ya Eda

Vumbi lilikuwa limeukalia mji wa El Obeid tangu juzi, na halikuonyesha dalili ya kuondoka. Halikuvuma tena. Lilining'inia tu, jekundu, na jua likapenya humo kwa uvivu kama taa iliyofunikwa shuka. Punda wa maji walichomoza mbele ya gari bila kwato zao kusikika, wakapita, wakayeyuka. Koplo Jibril alikuwa amewasha taa za gari mchana huo, akiendesha polepole kama aliyebeba mtoto aliyelala.

"Afande, mimi ningesema tumkamate tu, twende zetu tukanywe kahawa," alisema. "Mjane gani anapaka hina na udongo wa kaburi la mumewe bado mbichi?"

Kapteni Sittana Abbakar hakugeuka. "Mkeo akipaka hina, wewe huiona?"

"Huiona nikishagombezwa kwa nini sijaiona."

"Basi endesha."

Lakini hilo la Jibril ndilo lililokuwa midomoni mwa mji mzima. Babikir Wad Hamid, mfanyabiashara wa gundi ya miti, alishikwa na homa, akalala siku chache, akafa. Akazikwa siku hiyohiyo kabla jua halijatua, watu wakakaa tanga, wakatawanyika. Hakuna aliyenong'ona lolote. Kisha dada yake, Hajja Kaltuma, akaona mikono ya mjane, na kucha zake zilikuwa nyeusi. Hina haiwi nyeusi hivi hivi. Hukolezwa kwa piko, rangi nyeusi ya jiwe lililosagwa. Na jiwe la piko, kila mtu katika mji ule anajua, mtu akilimeza koo humvimba mpaka linaziba. Hajja Kaltuma hakuhitaji zaidi ya hapo. Alikwenda kituoni kwa miguu yake mwenyewe, akasema kaka yake ameuawa, na muuaji amejitangaza kwa vidole vyake.

Mwendesha mashtaka alikuwa ameshaandaa amri ya kufukua kaburi. Alibakiza neno moja tu kutoka kwa Kapteni Sittana: je, zile kucha ni piko? Kama ni piko, kesho asubuhi Babikir angetolewa ardhini, na mkewe Batul angepelekwa mahabusu ya wanawake akiwa bado ndani ya eda.

Walimkuta Hajja Kaltuma uani, ameketi juu ya kitanda cha kamba chini ya kibanda cha nyasi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamuru, tobe lake jeupe, lile vazi refu la kujitanda, limegeuka rangi ya udongo kwa vumbi. Sittana aliinua viganja, wakasoma Fatiha pamoja, kisha wakajipangusa nyuso. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

"Umechelewa, mwanangu," alisema Hajja Kaltuma. "Angekuwa mtu wa kukimbia, sasa hivi yuko Chadi."

"Mwenye eda hakimbii, mama. Hata uani hatoki."

"Huyu hatoki, lakini anajipamba! Mimi wifi yake mikono imenikauka kama kuni, yeye kucha zinang'aa. Hana haya, wala hajui kuona vibaya."

"Kwenye maelezo yako umesema shingo ya marehemu ilivimba."

"Ilivimba hivi." Akaonyesha kwa mikono yote miwili shingo ambayo hata fahali angeikataa.

"Uliiona?"

Hajja Kaltuma alirekebisha tobe lake. "Nilielezwa."

"Na nani?"

"Na watu."

"Wewe siku ya mazishi ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa Port Sudan kwa mwanangu Muzamil. Nimefika watu wameshamzika." Sauti ikapasuka kidogo, akaificha kwa kukohoa. "Vumbi hili. Muzamil ndiye mchumba wa Tasabih, binti wa huyuhuyu mwanamke. Unaona aibu anayonitia? Nimuoze mwanangu kwa binti wa muuaji?"

Sittana alisogea pembeni, akampigia simu Faki Idris, mzee aliyemwosha marehemu. Sauti ya mzee ilikuja kwa mbali, imejaa mikwaruzo, kana kwamba naye alikuwa amefunikwa na vumbi lile.

"Aliyeosha maiti hasemi alichokiona, binti yangu. Hilo unalijua."

"Nalijua, baba. Basi niambie ambacho hukukiona."

Mahali fulani nyuma ya mzee jogoo aliwika, saa isiyokuwa yake.

"Sikuona uvimbe," alisema hatimaye. "Nilimfunga kidevu kwa mkono wangu, na kitambaa kilizunguka bila taabu."

"Na macho yake?"

"Hilo sasa unaniuliza nilichokiona. Waulize waliomtibu homa."

Sittana alicheka kidogo, akamshukuru. Tayari alikuwa amezungumza na mganga wa zahanati: malaria kali, macho ya manjano, na mgonjwa mkaidi aliyekataa kupelekwa hospitali kubwa hadi mnada wa gundi uishe. Yeye alikuwa ameridhika. Mwendesha mashtaka asingeridhika. Angesema mwoshaji ni jamaa wa familia na mganga anajikosha, kisha angeuliza tena kuhusu kucha.

"Jibril, kaa hapa na Hajja. Ukipewa chai, kunywa. Ukipewa maneno, yasikilize tu."

"Na nikipewa vyote viwili?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

Chumba cha mjane kilikuwa mwisho wa ukumbi, nyuma ya pazia. Ndani mlikuwa na mwanga mwekundu ulioingia dirishani bila kuangaza kitu, ukaelea tu juu ya vitanda na kuta. Vumbi lilikuwa limelala kila mahali: juu ya kioo kilichogeuziwa ukutani, juu ya chupa za manukato zilizofungwa tangu msiba, juu ya kitasa cha sanduku. Mtu angeweza kudhani hakuna aliyeishi humo kwa miaka. Batul aliketi katikati ya ukungu ule, katika tobe jeupe la eda, mikono ameificha ndani ya nguo. Alikuwa mwembamba, macho makubwa, mgongo umenyooka kwa nguvu kama wa mtu anayejizuia asiegemee. Binti yake Tasabih alisimama nyuma yake.

"Nenda kawatilie wageni chai, mwanangu," alisema Batul.

"Mama, nataka kukaa."

"Nimesema nenda."

Msichana akatoka. Pazia likatikisika kwa muda mrefu baada yake. Sittana alisoma Fatiha, akavuta kigoda.

"Dada, unajua nilichokuja kukiuliza."

"Najua."

"Naomba mikono."

Batul hakuitoa. "Hakuna haja ya kuangalia. Ni hina. Nilipaka."

Sittana alikuwa amejiandaa kwa machozi, kwa hasira, kwa kiapo. Kukiri hakukuwamo katika hesabu zake. Alikisogeza kigoda karibu zaidi.

"Umepaka lini?"

"Wiki hii."

"Ndani ya eda."

"Shetani alinipitia. Andika hivyo. Mimi ni mwanamke asiye na haya, basi. Lakini sikumpa Babikir kitu chochote. Wallahi, sikumpa kitu."

"Nani alikupaka?"

"Nilijipaka mwenyewe."

"Mkono wa kulia na wa kushoto? Mimi nikijipaka wa kulia, wiki nzima watu wanauliza kama nimekanyagwa na punda. Hebu niuone huo ufundi."

Mikono ilitoka polepole. Sittana aliipokea, akainuka nayo, akamwongoza mjane hadi dirishani kama mtu anayemwongoza aliyesinzia. Katika mwanga ule mwekundu kucha zilionekana karibu nyeusi, zenye rangi ya kahawa iliyochomwa sana. Alizikaribia. Hazikuwa nyeusi moja kwa moja. Zilikuwa na mistari iliyosimama wima, mingine minene mingine myembamba, ikitoka kwenye mzizi wa ukucha hadi nchani. Kwenye vidole gumba mistari ilikuwa imeungana, na chini kabisa, pale penye kijimwezi, palikuwa na rangi ya bluu iliyofifia.

Kisha akaweka mkono wake mwenyewe kando. Alikuwa na hina ya harusi ya binti wa mjomba wake, nayo ilikuwa imepanda: nchani nyekundu iliyokolea, na chini, karibu na ngozi, ukucha mpya uliokua ukiwa mweupe.

"Tazama wangu," alisema. "Ukucha huota kutoka chini. Hina haimo ndani yake, imekaa juu tu, kwa hiyo inasukumwa mbele. Kama yako ni ya zamani, kabla ya msiba, weupe wa chini uko wapi?"

"Nimekwambia ni ya wiki hii."

"Sawa. Ya wiki hii. Basi ngozi iko wapi? Piko halichagui. Linakula ukucha, linakula na ncha ya kidole, linakaa siku nyingi hata ukisugua kwa mchanga. Vidole vyako ni safi kama vya mtoto." Akaugeuza mkono. "Si ya zamani, dada, wala si mpya. Weusi huu umetoka ndani pamoja na ukucha wenyewe. Hii si hina. Unanidanganya, na unajidanganyia kwenda jela. Sijawahi kuona mtu anasema uongo wa kujiumiza namna hii. Kwa nini?"

Batul aliangalia dirishani. Nje hapakuwa na kitu cha kuangalia. Mti wa mwarobaini ulikuwa kivuli tu, na hata kivuli kilikuwa kikija na kutoweka.

"Andika ni hina," alisema kwa sauti ndogo. "Nakuomba."

Sittana aliiachia mikono ile. Alianza kukizunguka chumba taratibu, mikono nyuma, akisoma vumbi kama wengine wanavyosoma gazeti. Kioo: vumbi. Chupa: vumbi. Kisanduku cha vipodozi: vumbi nene, bila alama ya kidole. Rafu ya juu: kopo la ubani.

Alisimama hapo. Kopo lilikuwa la bati, na kifuniko chake kiling'aa.

Mwenye eda hafukizi ubani. Hajitii manukato, hajifukizi, hata sabuni ya harufu huiweka kando. Katika chumba kizima, kitu kimoja tu kilichokuwa kikiguswa kila siku kilikuwa kile ambacho mjane hakupaswa kukigusa kabisa.

"Nifungue?"

Batul alikaa kitandani, mgongo ukaegemea ukuta kwa mara ya kwanza. Sittana alilishusha kopo, akalifungua.

Ndani, chini ya vipande vya ubani mkavu, mlikuwa na mfuko wa vidonge, nusu rangi moja nusu rangi nyingine. Sittana alikimimina kimoja kiganjani.

"Hivi ni vya nani?"

"Vyangu."

"Vya nini?"

"Utacheka. Mji mzima unatafuta sumu niliyompa mume wangu, na yeye ndiye aliyekuwa akiniletea hivyo." Alifumba macho. "Nina selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Tangu kuzaliwa. Damu yangu ikichafuka, mifupa inanipasuka humu ndani. Zamani nilikuwa nalala mwezi mzima, naamka mwezi mmoja. Tasabih akiwa mdogo alidhani ndivyo mama wote walivyo. Halafu daktari wa Khartoum akanianzishia vidonge hivi, miaka sasa, kila siku. Maumivu yakapungua mpaka nikaanza kusahau. Alinionya kuhusu kucha. Akasema, zitabadilika rangi, usiogope, ni dawa tu inafanya kazi yake, hazikudhuru."

"Na hakuna aliyeziona miaka yote hiyo?"

"Nani angeziona? Mke wa mtu siku zote ana hina. Ikififia, napaka nyingine. Babikir alinitania, akasema hakuna mwanamume katika Kordofan anayepambiwa na mkewe kama yeye." Alitabasamu, na tabasamu likamshinda. "Kila alipokwenda Khartoum kuuza gundi, dada zake walidhani anafuata gundi. Alikuwa anafuata kopo hili."

Hapo ndipo Sittana alipoliona jambo zima, na moyo ukamuuma. Mwanamke huyu alifichwa na hina kwa miaka. Mume alipokufa akaiacha ififie, kama eda inavyotaka, bila kuiba hata mstari mmoja gizani. Kucha zake zikabaki uchi mbele ya watu. Alishtakiwa kwa kuvunja eda kwa sababu aliitimiza.

"Ungesema tangu mwanzo," alisema.

"Kwa Kaltuma? Atamuoza Muzamil kwa msichana mwenye damu hii? Tasabih hana kosa. Haumwi. Anampenda yule kijana tangu utoto. Babikir aliniapisha tusiseme mpaka harusi ipite. Mimi nikiitwa sina haya, yatapita, watu husahau. Ugonjwa wa damu hawausahau."

"Dada, nikisema ni hina, kesho wanafukua kaburi. Watamtoa Babikir na kumkata. Wewe utalala mahabusu bila dawa. Unajua hilo litakufanyia nini."

"Najua."

"Nikisema ni dawa, sitategemea neno lako tu, kidonge kimoja nitakipeleka hospitali wanithibitishie. Lakini taarifa husomwa mbele ya mshtaki, na mshtaki ni Hajja Kaltuma. Sina njia ya kumziba masikio."

Batul aliitazama mikono yake. Alikuwa amekunja vidole ndani ya viganja, kucha zisionekane, kama bado zingeweza kufichwa.

"Kuna jingine," alisema Sittana, na alilisema kwa upole kwa sababu lilikuwa zito. "Tasabih hawezi kuwa salama kabisa. Lazima amerithi nusu ya ugonjwa huu kwako. Kama na Muzamil anayo nusu, wajukuu wako watalala mwezi mzima na kuamka mwezi mmoja. Huo ndio ushahidi unaouficha."

Pazia lilifunguka.

Hajja Kaltuma alikuwa amesimama pale, mkono mmoja umeshika kitambaa. Nyuma yake, ukumbini, Jibril alikuwa akiomba radhi kwa ishara, kikombe cha chai bado mkononi. Haikujulikana mama yule alikuwa pale tangu lini. Vumbi lilimzunguka, na kwa dakika alionekana hana uzito, mwanamke mkubwa namna ile.

Batul aliruka akaficha mikono. "Wifi..."

"Itoe."

"Wifi, binti yangu hana—"

"Nimesema itoe, Batul, niione."

Alikuja akaketi kando yake, kitanda kikalalamika. Alishika ule mkono mwembamba, akaupeleka karibu na macho yake, ukucha kwa ukucha. Sittana alisogea nusu hatua, tayari kuingilia. Hakukuwa na haja.

"Ugonjwa huu," alisema Hajja Kaltuma bila kuinua kichwa, "huvimbisha viganja? Kwa mtoto mdogo?"

"Ndiyo. Viganja na nyayo."

"Na macho yanageuka manjano."

"Ndiyo, wifi."

"Na hakubali kuguswa. Hata ukimpakata analia."

Batul alimtazama.

"Kabla ya Muzamil nilikuwa na Hafiz," alisema Hajja Kaltuma. Sauti yake ya kuamuru ilikuwa imetoweka, ikabaki nyingine ambayo pengine hakuna aliyewahi kuisikia katika nyumba ile. "Hamkumjua. Hata Babikir alikuwa mdogo. Tulimzungusha kwa mashekhe wote, wakasema ni jicho baya. Mume wangu akasema tusizungumze, watu watasema uzao wetu umelaaniwa. Tukasema ni homa. Nimesema homa mpaka mimi mwenyewe nikaamini."

Jibril alikuwa ameshusha kikombe chake.

Sittana ndiye aliyelazimika kuuliza, maana kazi ni kazi. "Hajja, na shingo ya marehemu?"

"Shingo niliitia chumvi mwenyewe. Nilifika nimemkuta ameshafukiwa. Nilitaka mtu wa kumlaumu." Alipangusa uso kwa upindo wa tobe. "Waambie wamwache kaka yangu alale. Nitakuja kituoni kuifuta kesi kwa mdomo wangu."

"Na Tasabih?" Batul aliuliza, na swali lile lilitoka kama pumzi ya mwisho. "Utamkataa?"

"Watapimwa wote wawili. Damu zikikataana, watalia, na mimi nitalia nao. Lakini hatutawaambia ni homa."

Sittana alitia kidonge kimoja kwenye bahasha, akakirudisha kifuniko juu ya kopo, akaliacha juu ya rafu. Alimfanyia Jibril ishara, wakatoka wote wawili kwa ncha za vidole. Alipofika kwenye pazia, alisikia Hajja Kaltuma akisema tena, kwa sauti ya chini kabisa.

"Batul. Hafiz alikufa kabla hajajua kuongea. Alikuwa akilia tu, na mimi sikujua analilia nini. Wewe unaweza kusema. Niambie, huwa inauma vipi?"

Kisha Batul akamsogezea nafasi kitandani, akamshika mkono, na akaanza kumweleza.